Kurasa Nne za Mapenzi

Mwalimu hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Naanza na hilo asije mtu akasema nimemremba kwa kuwa sasa yuko chini ya udongo. Alizaliwa lini na wa ukoo gani, hayo yalisomwa siku ya kumzika kule Iyula, na aliyeyaandika aliharakisha. Mimi naandika niliyoyaona. Shule yangu iliishia darasa la nne. Nilianza kwa kuvusha mizigo ya watu kwa baiskeli hapa Tunduma, na leo nina nyumba ya wageni, Fuso, na duka la vifaa vya shule lenye mashine ya fotokopi. Kama kuna mkato umekaa vibaya, uache ukae.

Alipostaafu alikuja kupanga chumba nyuma ya duka langu, akakaa miaka kumi na miwili. Mrefu, mkavu, koti moja la kijivu masika na kiangazi. Barabarani alitembea upande ule ambao magari yanamjia usoni. "Litakaloniua," alisema, "nataka tuangaliane kwanza." Kwenye harusi humwoni. "Harusi ina mshereheshaji na kamera, mimi nikafanye nini?" Lakini msibani, hata kwa mtu asiyemjua, alifika kabla ya maturubai.

Kazi yake ilikuwa huko. Mtaani kwetu akifa mtu, wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa kabla jeneza halijashuka, aliuandika yeye. Alikaa na wafiwa, kauntabuku juu ya goti, akauliza kama askari. Alifanya kazi gani? Aliacha lini? Kwa nini? Watu walikasirika. Ila siku ya mazishi karatasi ikisomwa, hata maadui wa marehemu waliinamisha vichwa, maana hapakuwa na neno la kupinga. Ikafika mahali watu wakibishana kilabuni, mmoja akisema "Mwalimu ameliandika," ubishi umekwisha. Shikeni hilo. Ndilo lililoleta balaa.

Nakumbuka msiba wa fundi seremala mmoja, mlevi wa kutupwa. Kaka wa marehemu akamwambia, "Mwalimu, weka hapo kwamba alimpenda sana mkewe."

Mwalimu hakuandika. Akamgeukia mjane. "Mama, alikupenda?"

Watu wakaguna. Mtu anaulizwaje hivyo na jeneza liko ndani?

Yule mama akafikiri. "Alinitengenezea kitanda," akasema. "Cha kwanza alikivunja kwa kunibamiza nacho."

Mwalimu akaandika: Alimtengenezea mkewe kitanda cha mninga. Basi. Iliposomwa, yule mama alilia kuliko alivyolia siku zote tatu. Nilimwambia Mwalimu ana roho ngumu. Akanijibu, "Ningeandika alipendwa, angelia? Angenitukana moyoni, na msibani hakuna pa kujibia."

Zaidi ya wasifu alitunga hadithi. Alizipenda zaidi, ingawa hakusema. Alikuja na daftari, mimi natoa kopi, tunabana kwa stapla, vijitabu vinauzwa kwa madereva waliokaa kwenye foleni ya kuvukia Zambia. Dereva aliyekaa siku tatu garini husoma chochote, hata maandishi ya mfuko wa simenti. Basi walisoma, wakilalamika. Hadithi zake zilikuwa chungu. Ile ya mashine ya kukobolea kahawa iliyokula vidole vya kibarua, na mwenye mashine akahuzunikia kahawa iliyochafuka damu. Ile ya mzee aliyekufa njaa katikati ya wanawe watano, kila mmoja akidhani zamu ni ya mwenzake. Mapenzi, hata chembe.

Na yeye huyo huyo ndiye aliyewaandikia madereva meseji za mapenzi. Alikuja mmoja wa kutoka upande wa Zambia, jitu la miraba minne, ananyoosha simu kwa adabu ya Kibemba: "Mwalimu, mukwai, mke wangu amenuna, nitungie kitu." Mwalimu alimuuliza maswali yake, akabonyeza maneno mawili matatu, yule bwana akasoma, macho yakamlowa. Kazi hiyo hakutaka hata chai.

Nikamwambia, "Kumbe mapenzi unayajua. Hadithini unayanyima kwa nini?"

"Huyu ana mke, na mke amenuna," akasema. "Mapenzi yapo, nimeyakuta. Sasa kwenye hadithi ya mashine, mwanamke nimlete afanye nini? Amshike kibarua mkono upi?"

"Hata ugali hauliwi mkavu, Mwalimu."

"Kuna siku unaliwa mkavu. Siku hizo nani ataziandika?"

Ubishi huo ulidumu miaka. Mimi nilikuwa na hoja, na mpaka leo naiona ni hoja. Mtu yeyote, awe mwizi, awe askofu, kuna aliyemtamani au aliyemwacha. Hadithi isiyo na hilo ni nyumba isiyotoa moshi; mpita njia anajua ndani hakuna mtu. Mwalimu alinisikiliza, maana alikuwa msikivu kwa wapinzani, kisha akasema lake: "Kama yalikuwepo yataingia yenyewe, hayahitaji kadi. Kama hayakuwepo, ukiyaita yatakuja na ndugu zake wote, na watakula mpaka unga uishe."

Kisha akafa dereva mmoja.

Alikuwa peke yake garini, hana utingo, kwenye foleni iliyofika Mpemba. Jioni alichukua wali kwa mama lishe mmoja wa pembeni mwa barabara, akaondoka na sahani akalie garini. Alfajiri foleni ikasogea, gari lake halikusogea. Aliyekuwa nyuma akapiga honi, akachungulia, akaona mtu ameinamia usukani, akasema huyu amelala, akampita. Wa pili akampita. Nafasi ni nafasi. Kufika mchana magari thelathini na saba yalikuwa yamempita. Aliyefungua mlango ni yule mama lishe, amefuata sahani yake.

Mwalimu alitembea kwenye foleni mwezi mzima na kauntabuku, akiuliza. Hadithi aliyoandika haikuwa na jina la mtu hata moja. Ni gari baada ya gari: la simenti, la mafuta ya kula, la mabati, nani alisema nini wakati anapita. Mmoja alisema, "Walevi hawa." Mmoja alisali kwa kupata nafasi. Mwishoni mama anapanda, anafungua, anachukua sahani kwanza, ndipo anapiga kelele. Hapo inakatika.

Nilitoa vijitabu thelathini. Vikarudi. Dereva mmoja alinirushia chake mezani. "Mzee, hii hadithi inanihukumu bure. Demu yuko wapi? Hata foleni ina mama lishe wa kutaniwa, hadithi ina wa sahani tu?" Wenzake wakaangua kicheko.

Nikaenda kwa Mwalimu. Nikamwambia ampe yule dereva aliyekufa mpenzi, na mpenzi awe huyo mama lishe, maana yupo tayari mwishoni. Akakataa siku tatu. Siku ya nne nikamwuliza, "Umeandika nani asome?"

"Hao hao waliompita."

"Hawasomi. Unaona mwenyewe. Walambishe asali kwanza, uchungu watamezea humo humo. Bila hivyo mashine yangu haitoi tena."

Hilo la mashine halikumtisha. Lililomwangusha ni lile la kwanza. Alitaka wasome. Akaketi, akaandika kurasa nne: mama anamfunikia dereva sahani kwa kitambaa cha maua, dereva anamwahidi kurudi kutoka Lubumbashi na kumwondoa kwenye moshi, mama hapati usingizi, asubuhi anagonga mlango akiita jina la siri walilopeana. Nakiri ziliandikwa vizuri. Mtu aliyejua kuuliza wajane hakosi cha kusema. Ili kijitabu kisinenepe, nikamwambia atoe kurasa nne za magari. Nikamwonyesha zipi.

Kiliuzwa mpaka mashine ikapata moto. Madereva walisomeana kwa sauti. Nilimwona dereva wa lile lori la simenti, aliyekuwa wa tatu kumpita marehemu, anafuta macho kwa kofia. "Yule mama alipenda kweli kweli," anasema.

Mwalimu alikuwa amesimama pale. "Na wale waliompita?" akamwuliza.

"Wapi hapo?" Akafunua funua. "Aa, hao! Hao ni wapita njia tu, Mwalimu."

Mwalimu aliingia ndani, hakutoka siku ile.

Sasa huyo mama. Alikuwa mtu wa hapa hapa, anaimba sauti ya pili kwaya ya kanisani kwetu, watoto wawili, mume analima mpunga Kamsamba na kurudi nyumbani kwa msimu. Hakuna aliyeuliza mama lishe wa kwenye kijitabu ni nani. Alijulikana kwa meza yake. Wanaume wakaanza kumwita kwa lile jina la siri wakiagiza wali. Akadhani wanatania. Siku moja mwenzake wa kwaya akamsomea. Alikuja dukani kwangu na kijitabu, mikono ina unga.

"Baba, haya nani kasema?"

Nikamwambia ni hadithi tu, mama, ni ya kutunga.

"Mwalimu ndiye kaandika?"

"Ndiye."

Akakaa chini sakafuni. Alielewa kabla yangu.

Malori ya mpunga hurudi Kamsamba na kila kitu, na kijitabu kilifika. Mume alikuja. Si mtu wa kupiga, na hakumpiga. Alimwambia mbele ya majirani, "Hata kama ni uongo, watu wamesoma," akachukua watoto akawapeleka Kamsamba kwa mama yake. Kanisa likamsimamisha kwaya na meza ya Bwana mpaka shauri lisikilizwe.

Lilisikilizwa. Nilikuwepo. Wazee wa kanisa wanne kwenye benchi, mama amesimama.

"Mwanamke hafungui mlango wa gari la mwanamume kwa ajili ya sahani moja ya plastiki," mzee mmoja akasema.

"Nina sahani kumi na mbili, wazee," mama akasema. "Zikiwa kumi na moja, mtu mmoja hali."

Mwalimu akasimama. Alikuwa amevaa lile koti na amelifunga vifungo vyote. "Nilitunga," akasema. "Huyu mama hakuwa na lolote na marehemu. Nilitunga mimi."

Mzee wa kati akamwuliza kwa upole, maana walimheshimu. "Mwalimu, yule dereva ulimtunga?"

"Hapana."

"Foleni ulitunga?"

"Hapana."

"Sahani?"

"Hapana."

"Kwa hiyo umetunga pale tu panapomwokoa huyu mama? Mwalimu, wewe umeandika wasifu wa baba yangu. Umeandika wa mke wangu. Leo nikubali kwamba unadanganya, na wale niwaweke wapi?"

Mwalimu akaketi. Mzee wa pembeni akamalizia, "Lisemwalo lipo." Wakafunga kwa sala.

Baada ya hapo alikufa jirani yetu mwuza mitumba, wakamfuata Mwalimu kama kawaida. Akawapa kauntabuku tupu na kalamu. "Andikeni wenyewe," akasema. "Mkono wangu umeshasema uongo, na uongo ndio mlioupenda." Mwezi uleule akafunga virago, akarudi Iyula kwenye kahawa za familia. Mimi sikumsindikiza. Nilisema nina wageni.

Nimelizunguka jambo, na sasa nalisema. Zile kurasa za magari nilizomwonyesha azitoe, moja ilikuwa na Fuso la sabuni. Ni la kumi na moja kupita. Ndani yake kuna mzee amekaa kushoto kwa dereva, anasema: "Mpite, huyo amelala, sabuni yangu inangojewa." Ni langu hilo Fuso, na maneno ni yangu, mpaka hiyo sabuni. Mashine yangu mwenyewe iliyatapika mara thelathini mbele ya macho yangu. Nilimwambia Mwalimu wasomaji wanataka mapenzi, na kweli walitaka. Lakini mimi nilitaka ile karatasi itoke.

Na marehemu nilimwona uso. Mdomo ulikuwa wazi. Mtu halali hivyo.

Mimi si mtu wa kuomba radhi; nilipanda maishani kwa kutogeuka nyuma. Ila nilikuwa nikipita pale barabarani naona meza ya yule mama imesimamishwa wima ukutani, yeye amehamia kwa dada yake upande wa Nakonde. Jumapili moja, wakati wa matangazo, nikasimama. Nikasema yote. Kwamba kurasa nne nililazimisha mimi, kwamba mama alifuata sahani, kwamba mimi ni wa kumi na moja.  Kisha mmoja nyuma akacheka puani.

"Tumekusikia, mzee, kaa," wazee wa kanisa wakaniambia.

Nje, rafiki yangu wa siku nyingi akanishika mkono, akaniminyia jicho. "Hata sikujua," akasema. "Kumbe na wewe ulikuwa unamtaka yule mama?"

Nilimtazama. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ameelewa kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba yule mama alikuwa na dereva na mimi, kwa zamu.

Jumanne nikavuka mpaka. Nilimkuta Nakonde nyuma ya stendi, ana meza na sufuria kubwa, watu wanakula. Nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno. Akawahudumia wawili waliokuja baada yangu, akafunika sufuria, akaniangalia.

"Wali umekwisha, baba."

Nikarudi.

Kesho yake nikaenda Iyula. Nilimkuta Mwalimu juani, blanketi magotini, karibu na vitanda vya kuanikia kahawa, anachambua punje mbovu kwa vidole maana macho hayakutosha tena. Kifua kilikuwa kinamvuta. Mke wa mwanawe akaniletea kiti na chai, akaondoka. Mwalimu hakuniuliza habari za safari.

Nikamwambia, "Mimi ndiye wa kumi na moja."

"Najua," akasema. "Dereva wako aliniambia wiki ya kwanza."

"Na ulikubali niitoe ile karatasi?"

Akachambua punje kadhaa. "Niliona unavyoishika. Nikasema, huyu mmoja amesoma, ameumia. Nikamhurumia aliyeumia, nikamwachia. Halafu mama wa watu akalipa." Akakohoa muda mrefu. "Huruma yangu ilikuwa ya kijinga kuliko hadithi yako."

Nikamweleza ya kanisani. Aliposikia habari ya kuambiwa namtaka yule mama, hakucheka, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia mvua aliyoitabiri. Nikamweleza ya Nakonde, meza, watu, sufuria.

"Alisema wali umekwisha," nikasema.

"Sufuria ilikuwa na kitu?"

"Ilikuwa imejaa, Mwalimu. Nilimwona anapakua."

Akaacha kuchambua. Akageuza uso kule ilikotoka sauti yangu. "Watoto wa yule mama wako wapi?"

"Kamsamba bado. Mume hajawarudisha."

"Basi iandike," akasema. "Wewe mwenyewe. Mimi mkono umekwisha."

"Mimi ni wa darasa la nne."

"Inatosha. Weka Fuso. Weka sahani, weka sufuria." Akanyoosha mkono, akanishika kifundo kwa nguvu ambayo sikudhani anayo. "Ila watakuambia mwishoni mama akupakulie. Utaona mwenyewe jinsi hadithi itakavyolilia hilo. Na wewe utalitaka kuliko wao."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Usimfanye akusamehe."

Akaniachia, akarudi kwenye kahawa yake. Nilikaa naye mpaka jua likageuka, nami nikawa nachambua upande wangu, punje mbovu huku, nzuri huku. Alikufa kabla ya msimu kwisha. Yule mama bado anauza Nakonde. Nimekwenda mara mbili tena, saa ya chakula, na mara zote mbili wali ulikuwa umekwisha.